Chini ya Joho la Turstin

Corbeval, Normandia
Juma la Mtakatifu Martin, mwaka wa Bwana 1076

Kwa mama mweka funguo wa ngome ya Elmestow, Uingereza.

Salamu nyingi. Mimi ni Albereda, mke wa bwana wako Turstin. Hunijui, nami sikujui ila kwa maneno machache. Miaka miwili iliyopita mume wangu aliniandikia kwamba nyumba yake ya huko inatunzwa na bi kizee mmoja Mwingereza, mwenye funguo kiunoni na asiyependa maneno mengi, na kwa hiyo nisihangaike juu ya mashati yake. Tangu siku hiyo nakuombea heri, maana najua mashati ya Turstin yanavyorudi kutoka mawindoni.

Nakuandikia wewe kwa kuwa yeye haniandikii. Mwaka huu nimepata barua tatu tu. Mbili zilikuwa za mbwa wake. Ya tatu ilinitaka niingie utawani. Anasema nimechoka, na kwamba watawa wa Beaulande wana bustani nzuri na moto unaowaka mchana kutwa. Sijachoka, mama. Bado napanda farasi kwenda kukagua mashamba ya matofaa, na wapangaji wakinidanganya kuhusu mavuno wanajua kitakachowapata.

Mfalme alipowaita waume zetu wavuke bahari kwenda kuiteka Uingereza, sisi wake tulibaki kulinda kilichokuwa chetu. Baadhi ya jirani zangu waliwatumia waume zao ujumbe: rudini, la sivyo mtakuta vitanda vina watu. Wakarudishiwa waume. Mimi nilijifanya muungwana nikanyamaza. Mwanetu Gilbert alishikwa na homa akafa akiwa na miaka kumi na mmoja, nikamzika bila baba yake. Turstin alisema bahari ilikuwa imechafuka. Ilichafuka kweli, sikatai, lakini baadaye ilitulia na bado hakuja.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana nakuomba wewe uliye karibu. Niambie, mwanamke kwa mwanamke. Anaumwa? Ana ugomvi na mfalme? Kuna mwanamke? Padri Fulko anayeniandikia haya amekunja uso, lakini chakula chake kinatoka jikoni kwangu, ataandika tu.

Natuma mashati mawili ya Turstin, na soksi za sufu kwa ajili yako, maana nasikia baridi ya huko huwaingia wazee mpaka kwenye mifupa.

Albereda wa Corbeval


Elmestow
Baada ya sikukuu ya Epifania, 1077
(Haikutumwa)

Bibi,

Soksi zimenienea sawasawa. Mimi si kizee. Naitwa Leofrun, nina miaka ishirini na sita, na Kilatini nilifundishwa na watawa nilipokuwa mtoto, kwa hiyo sihitaji padri wa kunikunjia uso.

Turstin aliniambia kuwa ulivaa shela ya utawa kabla yeye hajavuka bahari. Alisema hivyo mezani, mbele ya watu wake, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Ardhi hii ilikuwa ya baba yangu, Ordgar. Yeye na kaka zangu walikwenda vitani na hawakurudi, kisha Turstin akaja na hati ya mfalme. Watu wake walibomoa nyumba zilizokuwa karibu na kanisa, wakawalazimisha wenye nyumba hizo kubeba udongo kwa vikapu mpaka ukawa kilima, na juu ya kilima wakajenga mnara wa mbao. Ndiyo ngome yenyewe. Angeweza kunifukuza. Badala yake alinichukua kwa ile desturi mliyoirithi kwa mababu zenu Wadenmaki, ambayo nyinyi Wanormani mnaiita ndoa na padri wetu anaiita dhambi: kikombe, pete, wanaume wakigonga meza, basi. Nilikubali kwa sababu nilitaka kubaki kwenye ardhi ya baba yangu. Baadaye nilimpenda pia, na hilo sikulitegemea.

Tuna binti, Rohese, ana miaka mitano. Turstin ameahidi kwamba siku atakayonioa kanisani, mtoto atasimama pamoja nasi chini ya joho kama mnavyofanya kwenu, na akitoka chini ya joho hilo atakuwa mtoto halali na mrithi wa Elmestow. Ardhi ya baba yangu itarudi kwa damu ya baba yangu. Kila mwaka namuuliza lini. Kila mwaka hunijibu kuwa askofu ana shughuli.

Kumbe anayesubiriwa si askofu. Ni wewe.


Elmestow
Siku hiyohiyo

Kwa Bi mkubwa Albereda, kwa heshima.

Barua yako imefika na mashati hayakulowa. Padri wa kijiji ndiye anayeniandikia. Bwana ni mzima. Anakula vizuri, isipokuwa mikunga, wale samaki kama nyoka, ambao hawamkai tumboni. Mguu wa kushoto humsumbua kukiwa na ukungu. Usingizini husaga meno, na akiwa na mawazo husaga zaidi, na msimu huu wa baridi amesaga sana. Hana ugomvi na mfalme.

Kuhusu swali lako la mwisho, mimi ni mtumishi tu, na macho yangu siku hizi hayafiki mbali. Nashukuru kwa soksi.

Mweka funguo wa Elmestow


Corbeval
Kwaresima, 1077

Kwa mweka funguo,

Nimesomewa barua yako mara mbili, ya pili polepole. Nimefurahi kupata habari za mguu. Unamjua bwana wako vizuri kweli.

Turstin ameleta ujumbe tena, safari hii bila habari za bustani. Anasema nisipoingia utawani kabla ya mwaka kwisha, atamwomba askofu atutafutie undugu wa damu, yeye na mimi, ili ndoa ivunjwe. Na undugu utapatikana, kwa sababu huku kwetu ukichimba kidogo sote ni binamu. Ndoa ikivunjwa hivyo, narudi kwa kaka yangu kama mzigo na watu watasema niliishi miaka yote hii katika uchafu. Nikienda kwa hiari, Beaulande watanipokea kama bibi, na maaskofu watafumba jicho moja ili Turstin aoe tena.

Sina wa kumuuliza. Kaka yangu anawaza farasi. Padri Fulko anaiwazia roho yangu, na zaidi anaiwazia meza yangu, maana nikiondoka nayo inaondoka. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ungekuwa mimi, ungefanya nini? Jibu lolote la kweli sitalilaumu. Na kama huko kuna jambo linalonihusu ambalo hujaniambia, huu ndio wakati wake. Mficha uchi hazai.

Albereda


Elmestow
Baada ya Pasaka, 1077

Bi mkubwa,

Umeniuliza, nami najibu. Ningekuwa wewe, ningeingia utawani. Umefanya kazi ya bwana na ya bibi kwa miaka yote hii na hakuna aliyekwambia ahsante. Bwana akishakusudia jambo habadiliki. Afadhali kutoka kwa miguu yako kuliko kutolewa. Nyumba za watawa zina amani, na mtu hakosi wa kuzungumza naye.

Jambo jingine huku hakuna. Mvua ni nyingi, kondoo wamezaa vizuri.

Mweka funguo wa Elmestow


Corbeval
Juma la Mikaeli Malaika Mkuu, 1077

Kwa bi mdogo,

Usishtuke. Mweka funguo gani anayejua kuwa Turstin husaga meno usingizini? Funguo zako zinafungua milango ya ndani sana, mwanangu. Siku ile Padri Fulko aliposoma nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Hata mwandiko, Padri alisema, si wa padri wa kijiji. Mapadri wa vijijini huandika kama kuku anayetafuta punje.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilikuomba ushauri ili nione utasemaje. Ungeniambia, "Bi mkubwa, mwanamke huyo ni mimi," ningekutukana juma zima, na baada ya hapo tungezungumza. Wewe ukaniambia utawa una amani. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilikuwa nimeituma kwa mkono wangu, ya sufu. Nilikuchukia kuanzia Pasaka mpaka mavuno, na nilikuchukia vizuri.

Halafu akaja Herluin, yule askari wa Turstin anayeona haya hata akiombwa kupitisha chumvi. Alileta neno la mwisho la bwana wake: nikiingia utawani, Turstin atamwoa kanisani mama wa mtoto wake na kumweka mtoto chini ya joho. Mtoto. Wewe hukuniambia habari za mtoto. Nilimkalisha Herluin jikoni nikamlisha mpaka akasema yote. Ni binti. Anakimbiza bata bukini wa watu. Masikio yake yamechomoza. Gilbert wangu alikuwa na masikio hayo, na kabla yake mama yake Turstin, na kwa mtu mwingine sijawahi kuyaona.

Basi nikakaa nikafikiri. Nikishupaa, namlindia nani? Corbeval itakwenda kwa mpwa wa Turstin vyovyote vile, kwa kuwa aliyekuwa airithi yuko kaburini. Na huyo mtoto wa huko hajamkosea mtu. Nikamwambia Herluin aape. Tukaenda kanisani, akaweka mkono juu ya mfupa wa mtakatifu wetu, akaapa kwa niaba ya bwana wake mbele ya padri na wapangaji wote. Sauti ilimtetemeka. Ahadi ni deni, na iliyowekwa juu ya mfupa hailipwi nusu.

Naingia Beaulande kabla ya Majilio. Nakuachia mume. Siwezi kusema ni zawadi, unamjua. Lakini mtoto apate joho lake.

Albereda


Elmestow
Kwaresima, 1078

Dada Albereda,

Bahari ilifungwa msimu wote wa baridi, nami nilifurahi kuwa imefungwa, kwa sababu sikujua nikuandikie nini. Naona aibu. Nilikushauri utoke kwenye nyumba yako ili mimi nibaki kwenye yangu, na nilikuandikia hivyo nikiwa nimevaa soksi zako. Sitajitetea. Nataka tu ujue kuwa baba yangu alizaliwa hapa, na babu yake, na kwamba kila asubuhi nikifungua dirisha naona kilima cha udongo mahali palipokuwa na nyumba za watu ninaowajua. Wananisalimia kwa adabu. Wanangoja waone kama binti yangu atakuwa bibi yao. Nilitaka wampate huyo, mjukuu wa Ordgar, awe juu ya kilima chao. Kwa ajili hiyo nilidanganya, na ningedanganya tena, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Habari za mtoto ulizipata kwa mdomo wa Herluin, sasa nakupa mwenyewe. Rohese anasema Kiingereza na mimi na Kinormani na askari, na matusi anayajua kwa lugha zote mbili. Haogopi mtu. Turstin humpakata mezani na kumwita mbwa wake mdogo, na kwake hilo ni neno la mapenzi.

Harusi ni Pentekoste. Turstin amekwenda kwa mfalme kuomba ruhusa, maana bwana mwenye ardhi haoi bila mfalme kujua. Joho liko tayari, la sufu ya buluu, wanawake wa kijiji wamelifuma na kulishona, na tumelifanya pana ili litutoshe watatu. Rohese anafanya mazoezi chini ya blanketi pamoja na mbwa. Mbwa hatulii, kwa hiyo anamfundisha.

Sikustahili wema wako. Nimeupokea kwa ajili ya mtoto.

Leofrun


Beaulande
Sikukuu ya Yohane Mbatizaji, 1078

Leofrun,

Sasa anayeniandikia ni Dada Emelota, msichana mwenye mwandiko mzuri na masikio makubwa, kwa hiyo chunga utakachonijibu.

Bustani ipo, Turstin hakudanganya. Moto unaowaka mchana kutwa haupo. Watawa wengi humu ni kama mimi, waume zao walivuka bahari na wakapata nafasi huko. Tukikaa kushona ungedhani ni baraza la wajane, ila waume wote wako hai na wananenepa. Chakula ni maharage. Nimekonda, na nimejua nyimbo, na siku nyingine nasahau kukasirika mpaka jioni.

Nimewaambia habari za Rohese. Wanamwombea kwa jina. Mama Mkuu amenikataza kumzungumzia mezani kwa sababu inaleta kicheko, kwa hiyo namzungumzia kwenye vitalu vya vitunguu.

Pentekoste imepita. Niambie ilikuwaje. Alitulia chini ya joho? Alivaa nini? Usiniandikie mistari miwili kama mweka funguo. Niandikie yote.

Albereda


Elmestow
Wakati wa mavuno, 1078

Dada,

Harusi ilifanyika Pentekoste, lakini haikuwa yangu. Turstin amerudi na mke. Anaitwa Mahaut, ana miaka kumi na mitano, na amekuja na ardhi ng'ambo ya mto kubwa kuliko Elmestow. Mfalme ndiye aliyemchagulia na askofu akawafungisha ndoa papo hapo. Sikuambiwa. Nilisikia pembe, nikatoka na Rohese kumpokea baba yake, nikiwa nimevaa vizuri. Yule msichana alidhani mimi ni mtumishi wa kumshusha farasi. Nilimshusha. Mikono yake ilikuwa baridi kwa woga, sina ugomvi naye.

Kesho yake nilimfuata Turstin bandani kwa mbwa, nikamuuliza habari za kiapo. Nilimwambia kwamba wewe uliingia utawani kwa kiapo hicho, na kiliwekwa juu ya mfupa wa mtakatifu. Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushika. Alikuwa anamkagua mbwa miguu, akasema, "Kile kiapo sikuapa mimi. Mkono uliogusa mfupa ni wa Herluin. Basi Herluin akuoe."

Watu waliokuwa bandani walicheka. Jioni akarudia mezani, na sasa haikuwa mzaha tena. Ndugu wa Mahaut hawataki kusikia kuwa Turstin ana mtoto mwingine mahali popote. Kwa hiyo Herluin atanioa kanisani na atapewa shamba la kando ya kinu, ambalo liko ukingoni kabisa mwa ardhi ya baba yangu. Na Rohese atasimama nasi chini ya joho, kama alivyoahidiwa. Unajua maana yake. Atatoka hapo akiwa binti halali wa Herluin. Mbele ya padri na kijiji chote, Turstin atakuwa hajawahi kumzaa. Joho lililoshonwa ili limpe Elmestow ndilo litakalomnyang'anya.

Nikikataa, natoka hapa na mtoto kabla ya Krismasi, na sina pa kwenda. Watawa walionilea hawapo tena. Lakini nikikataa, Rohese atabaki kuwa damu ya Turstin, na huyu Mahaut ni mtoto, huenda asizae, huenda akafa, wanawake wanakufa. Siku moja Rohese anaweza kuitwa arudi. Nalala na mawazo hayo, naamka nayo.

Herluin alinijia akilia, mtu mzima. Alisema, "Bibi, niliapa nikiamini." Nilimwambia najua. Ni mtu mwema na simtaki.

Safari hii ni mimi ninayekuuliza, na sina haki ya kukuuliza. Ungekuwa mimi, ungefanya nini?

Leofrun


Beaulande
Siku ya Watakatifu Wote, 1078

Leofrun, mdogo wangu,

Barua yako iliposomwa Dada Emelota alilia kabla yangu, ikabidi nimbembeleze yeye kwanza.

Nilimwendea askofu alipokuja kutukagua. Nilipiga magoti kwenye matope mbele ya farasi wake. Alinijibu kwa upole kuwa kiapo humfunga mwenye mkono, na kwamba ningetaka kumfunga Turstin ningemtaka Turstin mwenyewe avuke na aguse. Kila mtoto wa Kinormani anajua hilo. Mimi nilijua. Lakini Herluin alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa nimeshasikia habari za masikio, na nilitaka mambo yaishe vizuri. Nimekupotezea ardhi yako kwa haraka yangu. Nawe ulinipotezea yangu kwa uongo wako. Sisi wawili tumemfanyia Turstin kazi bila ujira.

Sasa swali lako. Nilikujibu kwanza kwa barua nyingine. Nilikuandikia umlete mtoto huku. Nilisema Mama Mkuu atampokea, nilisema nitamlea kama wangu, nilitaja mpaka kitanda atakacholala. Ilikuwa barua nzuri na ndani yake hamkuwa na uongo, ila nilikuwa naiandika kwa ajili yangu. Nimemwambia Emelota aitie motoni.

Hili ndilo jibu langu. Mweke chini ya joho la Herluin. Usimweke mtoto kwenye mlango wa mtu ukingoja mke wa mtu afe. Mimi nimengoja kwenye mlango wa Turstin miaka kumi na zaidi, najua unavyomfanya mtu. Kila akifika mjumbe moyo unaruka, na kila akiondoka unabaki umepungua. Atakua hivyo, akitazama kilima kila asubuhi, akihesabu wanaozaliwa humo na wanaokufa, na atakuwa na moyo mbaya. Kando ya kinu atakuwa na mama, na mwanaume anayeweza kuona haya. Mimi mwanangu ningemtaka hai, bila shamba, bila jina, hata angekuwa binti wa msaga nafaka.

Najua ninakwambia uachilie nini. Baba yako na babu zako wanakufa tena siku hiyo. Lia, halafu fanya.

Na Herluin usimnyime chakula kizuri kwa kosa la mwingine.

Albereda


Elmestow, kando ya kinu
Baada ya sikukuu ya Epifania, 1079

Dada Albereda,

Nimefanya ulivyosema. Ilikuwa siku chache kabla ya Krismasi, kanisani kwetu, na kijiji chote kilikuja. Nadhani walikuja kunizika. Wanawake waliolifuma lile joho walisimama nyuma na hawakunitazama usoni, kwa kunihurumia. Turstin alisimama mbele na Mahaut, maana bwana hushuhudia harusi za watu wake.

Nilikuwa nimemwandaa Rohese juma zima. Nilimwambia kuwa tukishaingia chini ya joho, padri atamuuliza jina la baba yake, naye ajibu Herluin. Alinisikiliza akatikisa kichwa. Nilidhani ameelewa, na labda alielewa, lakini amefundishwa tangu alipoanza kuongea kwamba chini ya joho atasimama na baba yake. Tukaingia. Lilikuwa pana, lilitutosha. Alitulia vizuri kuliko nilivyotegemea, alinishika kidole. Padri akauliza, na mwanangu akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Turstin."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Turstin kwa upenyo wa joho. Aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu chake, na kiatu hakikuwa kimefunguka. Padri akauliza tena. Rohese akavuta pumzi aseme tena kwa nguvu zaidi, akidhani mzee hasikii, nami nikamziba mdomo kwa mkono. Aliniuma. Nikaendelea kumziba. Herluin ndiye aliyejibu, akasema, "Ni wangu," na padri akaandika hewani msalaba juu yetu watatu, yakaisha.

Nyumba ni ndogo na haivuji. Herluin ametengeneza kitanda cha mtoto kwa mbao zilizobaki za ngome. Hunisemesha kama mtu anayeomba njia. Mahaut ana mimba, nasikia, na hutapika sana, nimempelekea mizizi ya kutuliza tumbo. Watu wa kijiji bado wananisalimia, ila sasa hawangojei kitu.

Rohese alininunia siku mbili. Sikumlazimisha. Siku ya tatu alikuja jikoni nikiwa nakanda unga, akasimama karibu yangu, akaniuliza kwa upole kabisa kama anatakiwa kusema kuwa baba yake ni Herluin mbele ya watu tu, au hata tukiwa mimi na yeye peke yetu.

Nikamwambia hata tukiwa peke yetu.

Leofrun, mke wa Herluin